Sauti ya Pili ya Wimbo wa Misi

Hapana, sijawahi kujua ule wimbo unasema nini neno kwa neno. Najua mnakuja kuniuliza, najibu mapema tusichoshane. Ni Kiingereza cha vijijini kwao, na mimi hata kile cha mjini sina. Shule niliingia siku moja tu, kupeleka maziwa ya mwalimu, nikatoka na kibuyu changu. Lakini wimbo huo nimewafundisha watu miaka arobaini na kitu, sauti zote nne, na hakuna harusi iliyowahi kuvunjika kwa sababu yangu. Chekeni. Chekeni sasa hivi, maana huko mbele kicheko ni kidogo.

Mmesema kila mzee wa kwaya atoe maneno ya kuwaachia vijana, mtayaweka kwenye kitabu cha kwaya. Vizuri. Wenzangu watawaambia mpendane, muwahi mazoezi, mpige pasi sare. Mimi nitawaambia habari ya sauti ya pili ya wimbo wa Misi. Niliitunga mimi. Leo hakuna anayeiimba, na nikifa hakuna atakayejua kama ilikuwepo, ndiyo maana nimekubali kukaa na nyie hapa badala ya kupepeta choroko zangu. Andikeni ninavyosema. Msininyooshee Kiswahili, kimeshapinda na mimi, tumezoeana.

Misi Eda alikuwa Mwingereza, mwembamba kama mpini, kifua kinapiga filimbi kila akitembea haraka. Alishuka na treni pale Malampaka na masanduku mawili, moja la cherehani, moja la karatasi, akaletwa huku Bariadi na lori la jinari, kiwanda cha pamba, yeye mbele na dereva, masanduku nyuma. Kanisa lilimleta afundishe akina mama kushona na kuoka mkate. Kushona alifundisha. Mkate tulikula siku alizooka yeye mwenyewe. Lakini Jumamosi alikuwa anakusanya watu anawaimbisha, na hapo ndipo alipokuwa anafanana na mtu aliyeshiba.

Mimi nilikuwa msichana, napeleka maziwa kwake. Nikifika namsikia anafundisha ndani, nikitoka namwiga njiani, wenzangu wanalala chini kwa kicheko. Siku moja nikamwigia chini ya dirisha lake, wimbo mzima, pamoja na ile filimbi ya kifua. Akatoka nje. Nikajua leo nachapwa. Akanitazama, akasema, "Minsa. Tena." Minza lilimshinda mpaka mwisho. Nikaimba. "Tena." Mara tatu. Halafu akasema, "Wewe hapana maziwa. Wewe wimbo." Hiyo ndiyo barua yangu ya ajira, sikupewa nyingine.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Misi anaimba, mimi nameza. Halafu nakwenda kwa watu nawatapikia, kila mmoja kipande chake. Kwaya yetu wakati ule wengi hawakusoma, na waliosoma walijua maneno, siyo zile do re mi. Kwa hiyo karatasi ilikuwa mimi. Misi alinipa ya kwanza kwa sauti yake ya kawaida. Ya tatu aliiimba huku amebana pua. Ya nne, ya wanaume wazito, alishusha kidevu mpaka kifuani kama dume la ng'ombe linalokataa nira, na ikatoka kitu kama kikohozi cha mbuzi, lakini mimi nilielewa anataka nini. Nikaenda nikaitoa vizuri zaidi yake.

Sikilizeni hili, mtalihitaji hata kama mna simu. Mtu ukimpa wimbo kwa sauti yako, anakusikiliza wewe. Ukimpa kwa sauti yake mwenyewe, anadhani alikuwa anaujua tangu zamani. Ndiyo maana niliwaiga. Wanaume wa besi niliwaimbia kama yule mwenzao wa mashine ya kusaga, anayeongea kama gunia linaburutwa. Tena niliwapeleka pale kwenye mashine, nikawaambia ikianza kunguruma shikeni hapo hapo, msipande, msishuke, muimbe ndani yake. Wiki mbili duhu, mbili tu, besi imekaa kama nguzo. Mwenye mashine alilalamika wateja wanakuja kusikiliza, hawasagi.

Sauti ya tatu usiikalishe karibu na ya kwanza. Hao wanaume wakisikia wanawake wanapanda, na wao wanapanda, hawana aibu. Ya pili ndiyo ngumu kuliko zote, maana haina pa kujishikiza. Siyo wimbo, siyo nguzo. Iko katikati kama mke wa pili. Ya pili huwa naifundishia shambani, wakati wa palizi. Unaweka mwanamke wa sauti ya kwanza kwenye tuta lake, wa pili unamweka tuta la tatu kutoka pale, jembe linawapa mwendo. Akipotea, ananyamaza anapalilia, anaingia tena jembe likishuka. Na kabla ya kuimba msile michembe, vile viazi vilivyokaushwa. Michembe inakaa kooni kama mgeni asiyeaga. Nimeona soprano mzima amesimama mbele ya watu mdomo wazi, hakuna kinachotoka.

Mwalimu wa kwaya, yule anayesimama mbele na kupunga mikono, alikuwa Masanja, katekista wetu. Huyo do re mi alizijua kuzisoma. Tatizo ni koo. Akisoma do inatoka kitu kama mlango wa zizi. Akiwa anafundisha nilikuwa nasimama nyuma yake, yeye anatoa mlango, mimi natoa do, watu wanashika yangu, yeye anafurahi anasema, "Mnaona, mkisikiliza mnaweza." Sikumwambia. Kila Jumamosi alirudi nyumbani anajua amefundisha.

Sasa huo wimbo. Misi alikuwa na nyimbo nyingi za kwao, lakini mmoja alikuwa hauachi. Alitueleza kwamba ni wa msichana anafua nguo mtoni, mchumba wake kachukuliwa vitani. Miaka inapita. Siku moja anapita mwanaume mzee anaomba maji. Ni yule yule. Msichana anamjua, naye si msichana tena, anampa maji, hasemi kitu, anamwacha aende zake. Mimi niliuliza kwa nini hasemi. Misi akasema, "Labda nguo nyingi." Nikampenda kwa jibu hilo.

Alituambia pia kwamba nyimbo zile siyo za kanisa wala za wakubwa. "Hii wimbo ya watu ya shamba, Minsa. Wao hapana soma. Naimba nakamua ngombe." Kuna msomi mmoja wa kwao, akasema, alizunguka vijijini na kalamu, wazee wakamwimbia, akaandika, akapanga sauti nne, ndipo kwaya za mjini zikaanza kuimba. Nikamuuliza kama majina ya wale wazee yamo kwenye karatasi. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma. Akasema, "Hapana." Akaendelea kuitazama kama ndiyo kwanza anaiona.

Jambo moja la aibu niliseme mapema kabla hamjaambiwa na wengine. Misi kifua chake kilikuwa kibovu. Kwenye mstari wa pili, katikati kabisa, pumzi ilikuwa inamkata, anasimama, anavuta hewa kwa nguvu, mabega yanapanda, halafu anaendelea. Mimi ni mtu wa kumeza. Nikameza na hiyo. Nikawapa watu hivyo hivyo, kwaya nzima ikifika pale inasimama, mabega juu, hewa ndani, kazi inaendelea. Tumeimba hivyo miaka yote. Harusini watu walikuwa wanapiga vigelegele pale pale, wanaona ni madoido. Kuna kwaya ya upande wa Nyashimo walituiga wakaweka na mabega.

Misi alinipa ya kwanza, ya tatu na ya nne. Ya pili alisema tutaanza Jumamosi ijayo. Alhamisi kifua kikamkamata, akachukuliwa na gari kupelekwa Mwanza, na kutoka huko kwao. Hakurudi. Karatasi zake alimwachia Masanja, na Masanja akaziweka kwenye sanduku la mbao, na sanduku akaliweka chini kwenye udongo, na mvua ikanyesha. Alipolifungua mchwa walikuwa wamemaliza. Kilibaki kipande cha pembeni kama pindo la kitenge kilichoungua. Masanja alikishika akatuonyesha kama tunaweza kukisoma.

Sherehe ya mavuno imekaribia, watu wameambiwa mpaka Sola kwamba kwaya ya Bariadi ina wimbo wa Kizungu wa sauti nne. Tuna tatu. Wanawake wa sauti ya pili walikuwa wanakaa pale mazoezini kama watu waliokwenda msibani wakakuta wamekosea nyumba. Mmoja wao ni Kabula. Kabula ni rafiki yangu, tumezaliwa nyumba za kupakana, tumechunga mbuzi wale wale. Ana sauti nene kidogo, tamu, anaimbia puani. Alikuwa analia kabisa, anasema yeye atakaa kwenye sare pale mbele ya watu anafungua mdomo kama samaki.

Basi tukawa kwenye pamba, shamba la mama yake, tunapalilia. Yeye yuko mbele yangu tuta moja. Nikamwambia aimbe ile ya kwanza, polepole, kwa mwendo wa jembe. Akaimba. Mimi nikawa natafuta. Siyo kwamba nilijua natafuta nini. Nilikuwa namfuata nyuma kama unavyomfuata mtu kwenye palizi, hukanyagi udongo aliougeuza, lakini humwachi akapotea. Yeye akipanda, yule msichana anapanda kutoka mtoni, mimi nabaki chini, kama mtu aliyetua ndoo. Yeye akishuka, mimi naanza kupanda, napishana naye. Na pale karibu na mwisho, pale maji yanapotolewa, tukakutana mahali pamoja, sauti mbili zimekuwa moja, kidogo tu, halafu tukaachana kila mtu kwake. Hapo Kabula aliacha kulima.

Alisimama na jembe. Halafu akaniuliza nimeitoa wapi. Nikamwambia sijaitoa mahali, ni yangu. Tukairudia siku tatu, mimi nashika ya kwanza, yeye ya pili, mpaka ikakaa. Siku ya tatu tukiwa tunaosha majembe nikamwambia Jumamosi nitamwambia Masanja nimetunga ya pili. Kabula ndiye aliyesema maneno haya, na mimi nayakumbuka kama nilivyomeza nyimbo, siongezi.

"Usithubutu. Sema Misi alikuachia. Ukisema ni yako, wataanza kuuliza umesoma wapi."

Nikaona ana akili. Jumamosi nikasimama nikasema Misi alinipa kabla hajaondoka, nilikuwa nimeisahau, imerudi. Masanja akashukuru Mungu hapo hapo, sala ndefu, kwa kutuhifadhia kazi ya Misi kwenye kichwa cha mtu asiyejua kusoma. Tuliinamisha vichwa. Kabula alinibana mkono kwa chini.

Siku ya mavuno watu walilia. Wanaume wa mnadani, watu wanaouza ng'ombe bila kupepesa jicho, walikuwa wanajifuta na kofia. Tangu hapo tukaitwa kila mahali. Na kila mahali sifa ni ile ile, sauti ya pili ya Misi ni tamu, Wazungu wana mambo, angalia walivyopishanisha. Nami nimesimama pale na soda yangu nasikia kazi yangu inasifiwa kwa jina la mtu mwingine, na aliyeweka hilo jina ni mimi. Mwanzo nilikuwa nacheka. Namtazama Kabula, ananitazama, tunacheka. Baadaye ikawa nacheka peke yangu. Baadaye nikaacha.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Nilikuwa nangoja siku nzuri. Masanja akafa akiamini. Ningemwambia nini, kwamba ile sala alishukuru bure? Halafu nikaona nimechelewa. Uongo ukikaa nao kwa muda mrefu unakuwa kama ng'ombe wa mtu aliyechanganyika na wako, ukianza kumtoa unaonekana wewe ndiye mwizi.

Sasa lazima niwaambie na baya langu, maana nikiliacha hamtaelewa mwisho. Mimi naiga watu. Mnajua, nimewaiga na nyie. Mkwe wangu nimemwiga, mchungaji nimemwiga akihesabu waumini kwa macho, daktari wa mifugo nimemwiga mpaka mbwa wakakimbia. Mtu akikosea mazoezini simgombezi, namwimbia kosa lake kwa sauti yake, wenzake wanacheka, harudii. Ni dawa. Lakini sikujua pa kuishia. Mume wa Kabula alipokufa, siku ya kumaliza matanga, watu wamechoka na huzuni, wakaniomba niwachekeshe. Nikamwiga Kabula. Nikamwiga alivyolia makaburini, ile sauti ya puani, anavyoita jina la mume anakatika katikati. Niliifanya vizuri, Mungu anisamehe, sijawahi kufanya kitu vizuri kama kile. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Kabula aliinama, mabega yanatikisika. Nikajua anacheka. Miaka kumi na kitu nimekaa najua kwamba alikuwa anacheka.

Tuje kwa Ema. Emanueli ni kitinda mimba wa Kabula, nimembeba mgongoni mimi huyu. Amekwenda chuo, amesomea muziki miaka mitatu, akarudi akapewa kwaya. Kijana mzuri, mpole, ananiita mama mkubwa, akiniona njiani anasimamisha pikipiki ananiamkia kwa heshima, "Mwangaluka mayu." Anafundisha kwa simu. Anaibonyeza, simu inatoa sauti ya kwanza, anaibonyeza tena, inatoa ya pili. Haichoki, haili, haiigi mtu. Mimi kazi yangu ikawa kukaa kiti cha mbele na kuitwa hazina. Ukiona umeanza kuitwa hazina, jua wameshakufungia sandukuni.

Ikaja habari kwamba ndugu za Misi wanakuja. Misi mwenyewe alishafariki huko kwao, mzee sana, wamekuta kwenye vitu vyake picha zetu, wanataka kuona mahali alipofundisha. Na kwenye vitu vyake wamekuta karatasi nyingine ya ule ule wimbo, nzima, sauti nne. Wakaipiga picha wakamtumia Ema kwenye simu.

Wageni walikuja, nawaambia kabisa ili msikae mkingoja. Walikuwa watatu, wakapewa vitenge, wakaimbiwa, wakalia. Mimi sikuwepo, nilikuwa nyumbani napukuchua mahindi. Nasikia kwaya iliimba karatasi ilivyosema. Ile sauti ya pili ya karatasi nimeshaisikia, siyo mbaya. Ni safi. Inakaa mahali pamoja kama mgeni aliyeambiwa asiguse vitu. Tangu Jumamosi ile ya kabla yao sijakanyaga mazoezini. Nyie mliojiunga juzi mnadhani ni magoti. Magoti ni mazima.

Jumamosi ile Ema alinikalisha mbele, akaniambia, mama mkubwa, utusikilize kama tunaenda sawa na kumbukumbu yako. Akabonyeza ya kwanza. Sawa kabisa. Akabonyeza ya tatu, ya nne. Sawa, hakuna hata do moja iliyodondoka njiani miaka yote hiyo. Ema akashangaa, akawaambia watu wanipigie makofi, wakapiga. Nilijisikia vizuri, nisiwafiche. Nikajiona kama ghala ambalo halijaingiliwa na panya.

Halafu akasema kwenye mstari wa pili karatasi haina pumziko. Nikacheka. Nikawaeleza kifua cha Misi, nikasimama nikamwiga, mabega juu, filimbi ndani. Kanisa zima likacheka. Ema akajifuta macho, akasema kumbe kwaya ya Bariadi imekuwa inaumwa pumu miaka arobaini. Nikacheka kuliko wote. Nikasema kweli, hilo ni kosa langu, liondoeni. Nimelikubali mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya mashahidi.

Akabonyeza ya pili.

Wanawake wa sauti ya pili wakageuka wakanitazama. Ema akairudia. Akasema kwa upole, na hapa pia kuna makosa, tena mengi, ila tuna wiki tatu, tutarekebisha. Nikamwambia hapa hakuna makosa. Nikasimama, na safari hii sikuiga mtu. Nikawaeleza yote, mchwa, pamba, siku tatu, na uongo wenyewe. Nikasema ile sauti ni yangu, nimeitunga mimi Minza, na naomba wageni waimbiwe hiyo, na waambiwe ni ya nani. Ni hilo tu nililokuwa nataka. Hata cheti sikuomba.

Ema akakaa kwenye ukingo wa meza, akaongea nami kama mtu anayemtoa mtoto kisimani.

"Mama mkubwa, sauti ya pili haiokotwi shambani. Ina kanuni zake, tumezisomea. Pumzi umekubali mwenyewe ulikosea kuiga. Na hii ni hivyo hivyo, ulisahau, ukajazia."

Nikamwambia Misi alisema wenye wimbo wenyewe hawakusoma, walikuwa wanakamua ng'ombe. Akatabasamu. Akasema hao walitunga wimbo, lakini sauti nne alipanga msomi, na jina lake hili hapa chini ya karatasi. Akanionyesha simu. Akanionyesha mimi maandishi. Kijana wa pembeni akacheka kidogo, akazuiwa na mwenzake.

Sikukasirika. Nilikuwa na shahidi. Kwenye mstari wa sauti ya pili, mwisho kabisa, Kabula alikuwa anajipepea na daftari. Nikasema, sawa, mimi naweza kuwa nimesahau, muulize mama yako. Yeye ndiye wa kwanza kuiimba. Yeye alisimama na jembe mkononi akaniuliza nimeitoa wapi. Nikamgeukia nikamwambia, Kabula, waambie siku ya pamba. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza wale wageni nitawasalimia vipi.

Kabula akainuka taratibu. Akafunga kitenge vizuri. Akamtazama mwanawe na ile simu yake, halafu akanitazama mimi, muda mrefu, na mimi nikamtabasamia. Hakunijibu mimi. Aliwajibu watu.

"Huyu anaiga watu tangu tukiwa wasichana," akasema. "Cha kwake mwenyewe angekitoa wapi?"